Mitamba Tisa wa Ada

Mirongo, Mwanza
21 Januari 2024

Kaka Ndalahwa,

Shikamoo. Mimi na Jonathan hatujambo. Sabina yuko bweni, kidato cha sita, mtihani wake ni Mei. Mwambie mama dawa ya mguu anamletea Luhende huyu huyu anayekufikishia barua, ainywe baada ya chakula na si kabla, na asimgawie jirani. Kwenye mfuko kuna vitenge viwili. Cha kijani ni cha wifi Teodora, cha bluu ni cha mama. Nimeandika majina kwa chaki ili wasigombane.

Huku Januari ndiyo mavuno yangu. Cherehani zote nne zinalia kutwa, wazazi wa Mwanza nzima wamekumbuka kwa siku moja kwamba watoto wanavaa sare. Jana mmoja kanibembeleza nimpunguzie elfu mbili kwenye sketi. Nikamwambia, dada, ungekuja Novemba ningekupunguzia tatu.

Sasa lililonikalisha niandike. Usinipigie simu kuhusu mambo haya wala usitume meseji. Yule karani mstaafu anayenielekeza kwenye kesi ya talaka anasema meseji za watu zinasomwa mahakamani kama gazeti. Tuandikiane kwa mkono wa Luhende, lori lake linaleta mpunga mjini kila mara. Ukimaliza kusoma, moto wa Teodora hauzimi.

Wale mitamba tisa ulioninunulia mnadani ndio pesa ya chuo ya watoto. Mimi na Elias tulianza kuiweka Sabina akiwa darasa la pili, tukaiweka miaka kumi na moja, mpaka Elias alipohamia kwa yule mwanamke wake kule Kamanga. Benki ilikuwa kwa jina langu, 7,400,000. Niliitoa kabla sijapeleka shauri. Mitamba tisa kwa laki nane ni 7,200,000. Laki mbili iliyobaki ni usafiri, ushuru na chanjo. Kama kuna chenji, ni yako.

Nakubilisha, yaani nakukabidhi unifugie, kama babu zetu walivyofanya. Maziwa na samadi ni vyako, ndama ni wa watoto. Ng'ombe wakikaa kwenye boma la mtu mwingine, hakuna anayejua ni wa nani, na hicho ndicho ninachotaka. Mtu yeyote akiuliza, ni wako. Hereni zao za masikioni, zile za utambulisho, ziandikishwe kwa jina lako.

Sifanyi hivi kwa tamaa. Elias akipewa nusu, nusu hiyo itajenga choo cha Kamanga. Sabina atakwenda chuo na nini?

Mdogo wako,
Modesta

---

Magu
25 Februari 2024

Mdogo wangu Modesta,

Marahaba. Tumepokea salamu na dawa. Mama anatembea mpaka kwa jirani na kurudi, na dawa alimgawia, tumemkemea. Vitenge wamebadilishana. Mvua imekuja vizuri, majaruba yamejaa, mpunga umesimama. Shimba wangu sasa ni mrefu kuliko mimi, analima sehemu yake mwenyewe, na kuna binti wa kijiji cha pili ambaye naona anamfikiria.

Ng'ombe wako salama. Yule mwekundu mwenye doa jeupe kifuani ni mkali, kampiga teke Shimba, lakini ndiye atakayekuwa na maziwa. Nimewaandikisha kwa jina langu. Wanalala na wa kwangu kumi na mmoja, na sasa nikipita njiani watu wananisalimia kwa sauti nyingine. Yule mzee wa mashine ya kukoboa kaniambia, Ndalahwa, umechimba dhahabu? Nikacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa changu.

Nina swali, na usilichukue vibaya. Katika hizo milioni saba, za Elias ni ngapi?

Nauliza kwa sababu mtu wa serikali akija, nitasema ulivyoniambia. Lakini akija Elias mwenyewe sijui nitasema nini. Baba alipofariki, kaburi lile tulilichimba yeye na mimi, watu wengine wakiwa bado njiani. Mtu mliyechimba naye kaburi ni vigumu kumwambia uongo ukimtazama.

Mama anakusalimu. Anauliza unakula.

Kaka yako,
Ndalahwa

---

Mirongo
7 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Ninakula. Mwambie mama nimenenepa, ingawa si kweli, afurahi.

Umeuliza za Elias ni ngapi. Hesabu hiyo niachie mimi. Aliyeamka alfajiri kukaanga mandazi stendi mpaka akanunua cherehani ya kwanza ni mimi, ya pili mimi, ya tatu na ya nne mimi. Kiwanja nilitafuta mimi. Yeye alikuwa fundi wa injini za boti, leo ana kazi, kesho hana. Nikianza kugawa nani kaweka nini, nianze na jasho au na noti?

Mahakamani tulikwenda tarehe kumi na tisa Machi. Hakimu aliuliza kama tulikuwa na akiba. Elias akasimama.

"Tulikuwa nayo, mheshimiwa, ya watoto. Nilikuwa nampa mkononi kila mwezi."

"Una risiti?"

"Mheshimiwa, mke wangu angeniandikia risiti nikimpa hela ya nyumbani? Si angeniuliza kama nimekunywa?"

Watu wakacheka, hata karani. Mimi nikasema akiba ilikuwepo ndogo, ada ya bweni imeila yote. Hakimu akaandika. Nilimwona akiandika, kaka, kalamu ya bluu, mstari mmoja tu. Nilidhani uongo wa kiapo utakuwa mrefu zaidi ya hapo. Elias alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Hakunibishia. Angenibishia ningejisikia vizuri zaidi.

Sabina kaja Pasaka siku mbili. Alinikuta dukani nikipunguza kiuno cha suruali ya mteja, akaniuliza kama ile ya chuo ipo. Nikamwambia asome, mengine ni yangu. Akasema, "Baba alisema mahakamani kwamba na yeye aliweka." Nilikuwa na pini nne mdomoni. Nikazitoa, nikasema, "Baba yako hajaweka hata senti."

Sikukusudia. Alichukua simu akafuta namba ya baba yake mbele ya macho yangu, na nilikuwa na nafasi ya kusema ngoja. Nikarudisha pini mdomoni.

Amerudi bweni kusubiri mtihani na hasira hiyo. Labda itamsaidia kusoma.

Niambie habari za ng'ombe.

Modesta

---

Magu
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mavuno, kisha Luhende lori lake lilikaa gereji. Mpunga tumepata magunia thelathini na mbili, bei ni mbaya. Teodora alikuwa na homa, amepona. Mama hajambo, siku hizi anakaa nje muda mrefu.

Tumesikia kwamba hukumu imetoka na kwamba talaka imekamilika. Pole, au hongera, mimi sijui huwa wanasema ipi.

Wazee wa ukoo wa Chenge walipita hapa mwishoni mwa mwezi wa tano, Luhaga baba yake mdogo Elias na wenzake wawili. Mama aliwapikia kuku. Walikaa siku moja wakaondoka kwa heshima.

Ng'ombe ni wazima huko waliko. Wawili wana mimba.

Usije kwanza huku, barabara imekatwa na mvua.

Kaka yako,
Ndalahwa

---

Mirongo
28 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Matokeo yametoka. Sabina amepata daraja la kwanza. Nimesoma jina lake kwenye simu ya mteja, kisha nikamkatia mteja huyo kitambaa kifupi kwa inchi tatu, nikamlipa fidia. Mjulishe mama taratibu.

Amechaguliwa kusomea famasia, chuo kiko Dodoma. Ada, hosteli, vitabu na koti la maabara, mwaka wa kwanza ni 2,900,000. Wanaruhusu kulipa kwa awamu mbili, nusu kabla ya kusajiliwa, nusu Machi. Usajili unafungwa tarehe nane Novemba. Asiyelipa awamu ya kwanza nafasi yake anapewa mwingine.

Mimi nimekauka. Mahakama imeniachia nyumba, lakini nimlipe Elias sehemu yake milioni nne kwa awamu, nimekopa kwenye kikoba, kile chama chetu cha kukopeshana, narejesha kila Jumamosi. Kwa hiyo uza mitamba wanne, wasio na mimba. Hata wakinunuliwa kwa laki saba na nusu tunapata milioni tatu. Nitumie na Luhende.

Na kaka, mvua gani Juni?

Modesta

---

Magu
1 Septemba 2024

Modesta,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mama ndiye aliyeniambia nisichelewe zaidi, akasema asiponiona nikiandika leo atakuja mwenyewe Mwanza na mguu wake ulivyo.

Ng'ombe hawapo.

Luhaga na wenzake walikuja kudai mahari. Walisema wewe ndiye uliyekwenda mahakamani, wewe ndiye uliyemwacha mume, na mwanamke akimwacha mume, kwao wanarudisha ng'ombe. Niliwaambia serikali imeshaamua. Luhaga akasema, serikali imegawa nyumba, ng'ombe hawakuwahi kuwa wa serikali. Walitoa kumi na tano kukuoa. Umewazalia wawili, kila mtoto wanaondoa watatu. Wanabaki tisa.

Nikasema sina uwezo. Luhaga akanyanyuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa boma, akahesabu kwa kidole. "Ishirini. Ndalahwa, mwenye ng'ombe ishirini analia njaa?"

Hapo nilikuwa na la kusema, Modesta. Nilikuwa na neno moja tu, kwamba tisa kati ya hao si wangu. Wangeuliza ni wa nani. Ningesema ni wa nani? Ulinifunga mdomo mwezi wa kwanza, na mwezi wa tano ndipo nilipouhitaji.

Tisa waliodai, na tisa walikuwa wako. Waliwachagua wenyewe, mitamba wazuri. Nikawafungulia. Mama alikuwa ndani, alinisikia. Hajanisamehe kwa kuku yule.

Wamewavusha ziwa kwenda Sengerema. Elias hakuja na wazee, na sidhani kwamba anajua.

Ndalahwa

---

Mirongo
8 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo kwa mama.

Nilipoolewa mimi, walikuja ng'ombe kumi na tano. Kumi na wawili kati ya hao ulimwolea Teodora. Sikuuliza. Msichana haulizi. Nilifurahi hata, nikasema kaka yangu kapata mke kwa ajili yangu. Sasa ng'ombe wa watoto wangu ndio wamenitoa kwa mume. Wangu walikuletea mke, wa watoto wangu wamelipa deni. Wewe umetoa nini? Niambie tarakimu moja.

Ulikuwa na kumi na mmoja bomani. Kwa nini mkono wako haukuelekea huko?

Nilikwenda polisi, kaka. Nilifika mpaka kwenye kaunta. Askari akaniuliza, mama, tatizo nini? Nikasimama pale. Niseme nimeibiwa ng'ombe ambao niliapa hawapo? Nikamwambia nimekuja kuuliza kama wanahitaji fundi wa kushona sare zao. Akasema wana mzabuni.

Sabina yuko nyumbani anaosha vyombo vyangu na kuimba. Kanunua begi la kusafiria kwa hela ya kusuka nywele za watu. Begi limesimama nyuma ya mlango, nalipita kila nikitoka.

Modesta

---

Mirongo
29 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, nami sikustahili jibu la haraka. Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza.

Alhamisi nilipanda kivuko kwenda Kamanga. Karakana ya Elias iko pembeni ya mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, turubai moja, injini tatu zimefunguliwa matumbo. Alikuwa anasugua plagi kwa msasa. Aliponiona hakunyanyuka.

"Mama Sabina. Umeleta awamu ya nyumba au umekuja kuifuata?"

"Nimekuja kusema neno."

"Kaa hapo. Si hapo, hapo kuna petroli."

Yule mwanamke wake alileta chai. Ni mdogo, kaka, kanipa shikamoo na goti kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa shikamoo. Nikaitika marahaba, nikanywa chai yake.

Nikamwambia Elias ng'ombe waliotoka Magu si wa Ndalahwa.

"Ni wa nani?"

"Wa Sabina na Jonathan. Ndiyo ile pesa ya chuo. Niliitoa benki nikawanunua."

Aliendelea kusugua.

"Yote?"

"Yote."

"Yangu ilikuwa ngapi?"

Uliniuliza swali hilo Februari, kaka, nikakujibu kwa mandazi ya stendi. Yeye nilimjibu. Elfu thelathini kila mwezi, miaka kumi na moja, alipokuwa na kazi na alipokuwa hana. Milioni tatu, laki tisa na elfu sitini. Yangu ni tatu na laki nne na elfu arobaini. Hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani siku zote, hata siku ile hakimu anaandika.

"Kwa hiyo nilikuzidi," akasema.

"Ulinizidi."

"Ungemwambia hakimu hivyo ningekununulia soda."

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuja nimevaa viatu vya kukimbilia. Akafunga plagi kwenye kitambaa, akaniambia wazee walimpa yeye watano na kubaki na wanne. Aliposikia binti kafaulu, aliuza wanne, akapata 3,400,000. Hela ipo. Ameiweka tangu Agosti kwa ajili ya ada.

"Sasa mbona hujaileta?"

Akanipa simu yake nisome. Alikuwa amemtumia Sabina ujumbe kupitia simu ya Jonathan, kwamba ada ipo, aje aichukue. Binti yangu amemjibu: "Sihitaji. Ungekumbuka kuweka miaka yote kumi na moja. Kasomeshe watoto wa huyo mwingine." Maneno yale ni yangu, kaka. Kabadilisha mpangilio tu. Hata ile kumi na moja kaipata kwangu.

"Mwambie ukweli," nikamwambia Elias. "Sitakukana."

"Nikisema mimi, ni mwanamume wa Kamanga anajitetea. Niliwahi kusema mbele ya hakimu, ikafika wapi? Sema wewe, mama Sabina. Mahakamani sirudi, benchi lile limeniumiza mgongo. Lakini kwa mtoto utasema wewe."

Hiyo ndiyo habari. Hela ya chuo ipo, imekunjwa vizuri, iko upande wa pili wa maji. Kinachomzuia Sabina kwenda chuo ni mimi.

Nimerudi tangu Alhamisi. Leo ni Jumapili. Asubuhi aliniuliza kama koti la maabara naweza kulishona mwenyewe ili tuokoe elfu ishirini. Nikampima mabega.

Modesta

---

Magu
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Luhende anakupa bahasha, ihesabu mbele yake. Ni 2,900,000. Nimeuza mafahali wawili na jike mmoja, wa kwangu. Umetaka tarakimu, ndiyo hiyo.

Uliuliza mkono wangu kwa nini haukuelekea upande wa pili. Shimba ataoa mwakani. Siku ile Luhaga anahesabu, Shimba alikuwa amesimama kando ya boma na fimbo, na nilimtazama. Nikawaza ng'ombe wangu wakiondoka, mwanangu ataoa na nini? Nikawaza pia kwamba wa kwako hawana mwenyewe, kwamba hakuna atakayewalilia hadharani. Nilijua, Modesta. Nilijua ninachofanya kama wewe ulivyojua mbele ya hakimu. Shimba nimemweleza. Amesema atasubiri, na amekwenda shamba bila kunywa uji.

Sasa nisikilize. Mlipie mtoto kwa hela hii. Sema mjomba kauza mpunga. Awahi usajili, na Elias abaki na zake, atazitumia kwa Jonathan siku ikifika. Hakuna haja ya kumwambia Sabina. Wewe umekaa naye miaka yote, akishajua mama yake alimdanganya kuhusu baba yake, utamwambia nini tena akaamini? Mambo mengine yakilala, yanakufa yenyewe.

Nasema hivi kama kaka. Mama hakubaliani nami, lakini mama hakuombwa kuandika.

Ndalahwa

---

Mirongo
17 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama mwambie nimepata asali, ni nzuri, mtungi nitaurudisha.

Bahasha yako niliihesabu, ilitimia. Nikaifungia kabatini chini ya vitambaa vya khaki, na kwa wiki mbili nilikuwa mtu mwenye raha. Nikashona koti la maabara. Nikajipangia kwamba Jumatatu tarehe nne nitamkabidhi Sabina, niseme mjomba kauza mpunga, aende benki alipie. Sentensi yenyewe nilishaizoea.

Jumatatu ikafika. Sabina akaja dukani kujaribu koti. Amesimama mbele ya kioo, mimi nyuma yake narekebisha ukosi, akasema, "Mama, nikimaliza chuo mshahara wangu wa kwanza ni wako. Yule mwanamume asije hata kwenye mahafali."

Kaka, ushauri wako ulikuwa mzuri. Ungefanya kazi. Ndicho kilichonitisha, kwamba ungefanya kazi hata kwenye mahafali, hata kwenye harusi yake, hata siku ya kumzika Elias, mtoto akikataa kwenda, na mimi nikiwa nimekaa na zile pini mdomoni.

Nikamwambia, "Vua koti, ukae."

"Limebana?"

"Baba yako aliweka. Elfu thelathini kila mwezi."

Akanitazama kwenye kioo, hakugeuka.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Milioni tatu, laki tisa na sitini." Alifika kabla sijaitaja. Nilimlea mwenyewe, ni lazima afike.

Nikamweleza yote, benki, ng'ombe, kiapo, wazee, wewe, Kamanga. Mafundi wawili wanaonisaidia dukani wakasimamisha cherehani, nikawaacha wasikie. Mwishoni akauliza kwa nini.

"Nilitaka uwe upande wangu."

"Nilikuwa upande wako," akasema. "Kabla ya hapo. Nilikuwa upande wako."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya meza ya kukatia. Akaenda nyumbani, akachukua begi nyuma ya mlango na kushuka kwenye kivuko. Sikumfuata. Nilipiga simu Kamanga nikamwambia Elias mtoto anakuja, kisha nikakata, kwa sababu alikuwa anataka kuniuliza kama sijambo.

Siku nne sikusikia kitu. Tarehe nane nilikaa na simu mapajani tangu asubuhi, siku ambayo usajili unafungwa. Wateja walikuwa wanasema nami, nikawa naitikia ndiyo hata kwa mambo ya bei. Jonathan alirudi kutoka shule nikamweleza na yeye. Akasema alijua kitu hakiko sawa, kwa sababu nilikuwa nampikia wali siku za katikati ya wiki.

Jioni ndipo simu ikalia. Sabina ameunda kundi la WhatsApp. Watu wanne tu, yeye, Jonathan, mimi na baba yake. Kundi amelipa jina ADA. Ujumbe wa kwanza ni picha ya risiti ya chuo, 1,450,000, mlipaji Elias Chenge. Chini yake ameandika: "Awamu ya kwanza baba. Awamu ya pili mama, mwisho tarehe 10 Machi. Mwaka ujao mtabadilishana. Msinipigie mmoja mmoja, andikeni hapa."

Hakusalimu. Hajaandika mpenzi mama wala chochote. Koti la maabara nimelituma kwa basi, picha ya kulipokea ameiweka kundini, si kwangu.

Hela yako Luhende anairudisha kama ilivyokuja. Usiseme hapana. Nunua mitamba watatu, na hereni ziandikishwe kwa jina la Jonathan Chenge, kwa herufi kubwa, Luhaga akija kuhesabu asome mwenyewe. Elias nimemwambia juu yao. Shimba umwambie shangazi yake atamshonea suti ya harusi, na atoe vipimo asijisifu kifua. Ya Machi nitaipata Januari kwa sare, nimeshapiga hesabu, nikiuza sketi mia tatu na kikoba wakinivumilia Jumamosi mbili.

Nilipousoma ujumbe ule niliandika mengi, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Elias alikuwa anaandika na yeye, nikaona pale juu imeandikwa anaandika, kisha inapotea, kisha anaandika. Mwisho yeye akatuma "Sawa." Nami nikatuma "Sawa."

Modesta